Chuma ndani ya udongo wa kuchoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wafinyanzi, wachoma matofali na wanafunzi wa kemia waliochoka kujibiwa "udongo ndivyo ulivyo". Joto lote limeandikwa kwa nyuzi za Sentigredi. Maswali mengine yamejibiwa kwa mistari michache tu kwa sababu hayahitaji zaidi.

Chuma kimeingiaje kwenye udongo wangu? Mimi sikuweka kitu.

Hukuhitaji kuweka. Gamba la dunia lina chuma kama asilimia 5 ya uzito wake, na mwamba unapolika kwa mvua na jua hadi kuwa udongo, chuma huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kuondoka. Katika nchi za joto na mvua kama zetu, maji huchukua silika (kiini cha mchanga), potasi na soda, chuma kikabaki nyuma kikijikusanya. Murram tunayomwaga barabarani ni matokeo ya kazi hiyo.

Ila kusema tu kwamba udongo "una chuma" hakutoshi. Kinaweza kuwa ngozi ya kutu juu ya chembe: gothiti, ambayo ni ya njano, au hematiti, ambayo ni nyekundu. Kinaweza kuwa kimejificha ndani ya fuwele ya udongo yenyewe, kimekalia kiti cha alumini, yaani nafasi ambayo kwa kawaida ni ya alumini. Kinaweza kuwa kwenye mika nyeusi, madini ya vibamba vyembamba vinavyong'aa, ambayo haijamaliza kulika. Na kwenye matope meusi ya mabwawa kinaweza kuwa pairiti, yaani chuma kilichoshikana na salfa, ile inayong'aa hadi watu wakaidhania dhahabu. Kila kimoja huingia motoni na tabia yake.

Asilimia ngapi ya chuma ni nyingi mno?

Inategemea unatengeneza nini. Sahani nyeupe ya kauri huanza kupoteza weupe wake oksidi ya chuma ikikaribia asilimia 1. Udongo wa matofali ya kuhimili moto mkali mara nyingi una asilimia 1 hadi 3. Udongo wa matofali mekundu na vyungu huwa na kama asilimia 4 hadi 8, na huo ndio wengi wetu tunaouchimba.

Hata hivyo, namba ya maabara peke yake haikuambii chombo kitatokaje. Udongo wa aina mbili unaweza kuwa na asilimia ileile ya chuma, mmoja ukatoka mwekundu kama pilipili iliyoiva na mwingine ukatoka rangi ya biskuti. Sababu utaikuta mbele kidogo, kwenye swali la chokaa.

Kwa nini udongo wa njano au wa kijivu hutoka mwekundu ukichomwa?

Gothiti ina maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Kati ya nyuzi 250 na 350 hivi maji hayo hutoka, na kinachobaki ni hematiti. Udongo wa kijivu au mweusi nao mara nyingi una mabaki ya mizizi na majani. Kaboni yake ikishaungua, chuma kilichokuwa kimefunikwa hujitokeza.

Wekundu wenyewe hausimami mahali pamoja. Chembe ndogo sana za hematiti hutoa rangi ya chungwa iliyochangamka. Joto likipita nyuzi 1000 chembe hukua, na rangi hukolea kuwa nyekundu nzito, kisha kahawia, kisha inayoelekea zambarau. Mchoma matofali mzoefu hulivunja tanuri, akatazama rangi, akakuambia moto ulifika wapi upande upi, bila kipimajoto.

Chungu changu ni chekundu upande mmoja na cheusi upande wa pili. Udongo ni uleule. Imekuwaje?

Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Chuma hushika oksijeni kwa viwango tofauti. Moto ukipata hewa ya kutosha, chuma hushiba: wakemia hukiita chuma (III), na madini yake ni hematiti nyekundu. Moto ukisongwa na moshi, kaboni monoksidi inayozaliwa humo huenda ikitafuta oksijeni popote ilipo, na huipokonya hematiti. Chuma hubaki na njaa. Sehemu yake hugeuka chuma (II), na madini huwa magnetiti, ambayo ni nyeusi. Upande wa chungu uliolala juu ya kuni au uliofukiwa na majani na majivu ndio uliokosa hewa.

Weusi mwingine ni masizi tu. Kuutofautisha, ning'iniza sumaku ndogo yenye nguvu kwa uzi na kuisogeza karibu na chungu: magnetiti huivuta, masizi hayana habari nayo.

Wapo waliogeuza jambo hili kuwa sanaa. Wafinyanzi wa Athene, katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, walichora vyombo vyao kwa uji wa udongo uliochujwa ukawa laini mno, kutoka udongo ule ule wenye chuma waliofinyangia chombo. Kisha walichoma kwa hatua tatu katika moto mmoja. Kwanza hewa ya kutosha: chombo kizima kikawa chekundu. Halafu wakaziba tanuri na kutia kuni mbichi: kizima kikawa cheusi. Mwisho wakafungua hewa tena. Mwili wa chombo, ambao bado una vitundu, ukapumua na kurudi wekundu wake. Ule uji laini ulikuwa umeshayeyuka kidogo na kujiziba kama kioo, oksijeni haikuweza kupenya, ukabaki mweusi hadi leo. Rangi zote mbili zinatokana na chuma kilekile, hakuna rangi nyingine iliyotiwa.

Ndani ya udongo madini hubadilikaje moto unapopanda, na chuma huingilia wapi?

Tuchukue kaoliniti, madini makuu ya udongo mweupe. Kati ya nyuzi 450 na 600 hupoteza maji yake, mpangilio wa fuwele ukavunjika, ikawa metakaolini. Ukitazama kwa miale ya eksirei wakati huo huoni fuwele yoyote ya maana. Halafu karibu na nyuzi 980 hujipanga upya ghafla, hata joto kidogo hutoka ndani yake: hutokea spineli, madini ya mpito, na mbegu za kwanza za muliti, madini ya alumini na silika. Zaidi ya nyuzi 1200 muliti hukua kuwa sindano zinazosokotana, na silika iliyobaki huwa kioo au hugeuka kristobaliti, aina nyingine ya fuwele ya silika. Muliti ndiyo inayoipa kauri ngumu nguvu zake. Jina lake linatokana na kisiwa cha Mull huko Uskoti, ambako ilionekana kwenye udongo uliopikwa na volkano za kale.

Sasa mlete chuma. Chuma (III) kina umbo lililo karibu na la alumini, kikubwa kidogo tu, kwa hiyo hukubaliwa kukaa kwenye kiti cha alumini ndani ya muliti. Fuwele hutanuka kidogo, na miale ya eksirei huuona utanukaji huo. Katika moto wenye hewa, kwenye nyuzi 1300 hivi, muliti inaweza kubeba oksidi ya chuma inayofikia karibu asilimia 10 ya uzito wake. Ndiyo sababu mojawapo ya kauri iliyochomwa sana kupoteza wekundu: hematiti haipo tena, imeingia ndani ya muliti na ndani ya kioo.

Chuma (II) ni kikubwa mno kwa kiti hicho. Moshi ukiingia, chuma hufukuzwa kutoka kwenye muliti na kukimbilia kwenye kioo, au hujiunga na alumina (oksidi ya alumini) na kutengeneza hersiniti, madini meusi ya jamii ya spineli. Kwa hiyo ukibadilisha hewa ya tanuri umebadilisha orodha nzima ya madini, hata kama hukugusa udongo wala joto.

Kwa hiyo chuma kinasaidia muliti au kinaiharibu?

Vyote viwili. Kikiwa kidogo husaidia. Chuma (II) hulegeza kioo, chembe zikapata njia ya kutembea, na sindano za muliti hukua ndefu kwenye joto ambalo bila chuma lisingetosha. Kikizidi, kioo huwa kingi kuliko sindano, na chombo huinama chenyewe tanurini kama mshumaa uliosahaulika juani.

Namba mbili zitakuonyesha jinsi hewa inavyoamua. Katika hewa ya kawaida hematiti hubaki ngumu hadi karibu nyuzi 1390, inapoanza kutema oksijeni na kuwa magnetiti. Katika moshi, chuma (II) kikikutana na silika hutengeneza fayaliti, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1205.

Vitabu hukiita chuma "uchafu". Kwa maoni yangu hilo ni neno la mtengeneza sahani nyeupe. Mchoma matofali anayehesabu mafungu ya kuni ana sababu ya kukipenda, kwa kuwa udongo usio na chuma wala viyeyushi vingine ungemdai moto mkali zaidi kabla haujaiva.

Je, chungu cha kupikia maharage kina muliti?

Karibu hakina. Vyungu vinavyochomwa kwa moto wa wazi, kwa kuni na majani makavu, mara nyingi huishia kati ya nyuzi 600 na 900. Wanawake wa Kikisi wanaofinyanga Ikombe, karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa, hawahitaji muliti ili chungu kisipasuke jikoni. Kinachokiokoa chungu cha kupikia ni vitundu na chembe za mchanga ndani yake, vinavyozuia ufa usisafiri mbali. Mambo ni hayohayo kwa kauri ya jiko la makaa.

Nimevunja tofali, ndani lina moyo mweusi. Mengine yamevimba kama maandazi. Kosa langu ni lipi?

Uliharakisha moto. Udongo wako una mabaki ya mimea, na kaboni hiyo inataka oksijeni ili iungue. Joto likipanda haraka, hewa haifiki katikati ya tofali kwa wakati. Kaboni iliyoko ndani hujichukulia oksijeni kutoka kwa jirani yake, na jirani ni chuma. Hematiti huwa chuma (II), hicho huyeyusha udongo mapema kuliko ulivyotarajia, ngozi ya tofali huziba, na gesi zilizobaki ndani hukosa mlango. Udongo uliolainika wenye gesi ndani lazima uvimbe.

Dawa ni subira kati ya nyuzi 700 na 900, milango ya hewa ikiwa wazi, mpaka kaboni iishe. Tofali nene linataka muda mrefu zaidi. Kuchanganya mchanga husaidia hewa kupita. Pumba za mpunga pia huacha vitundu, ila pumba nazo ni kaboni, zinadai oksijeni yake. Mimi nilijifunza hivyo kwa hasara. Nilizidisha pumba nikidhani naokoa kuni, nikaziba midomo ya tanuri usiku wa kwanza ili joto lisipotee, na asubuhi ya kufungua nikakuta safu mbili za chini zimeshikana kuwa jiwe moja jeusi. Tulilivunja kwa nyundo likawa kokoto za msingi.

Moyo mwembamba wa kijivu kwenye tofali la ukuta wa kawaida si balaa. Kuvimba ni balaa.

Udongo ni mwekundu kabisa, lakini matofali yametoka ya njano. Nimeibiwa rangi?

Imeibwa na chokaa. Udongo wenye chokaa nyingi iliyosagika ukifika kama nyuzi 850 hadi 900 huanza kutengeneza familia nyingine ya madini: geleniti, kisha wolastoniti, anothiti na piroksini, kutegemea joto na vilivyomo. Madini haya hayaiachi hematiti ikue; sehemu ya chuma humezwa na fuwele zake na kioo kinachozizunguka. Chuma kipo, maabara itakihesabu, ila jicho halikioni, na tofali huwa la rangi ya malai au njano. Mji wa Milwaukee nchini Marekani ulipata jina la utani la "mji wa malai" kwa sababu ya matofali ya namna hii, yaliyotoka kwenye udongo wa kando ya Ziwa Michigan wenye kalsiamu na magnesiamu nyingi.

Hata hivyo chokaa iwe imesagika. Ikiwa ni vijiwe, kama vipande vya matumbawe au konokono, vitageuka chokaa hai tanurini, na siku za mvua vitafyonza unyevu, vitatanuka na kulipasua tofali kutoka ndani. Hilo si kosa la chuma, ingawa nimesikia likihesabiwa kwake.

Vidoadoa vyeusi kwenye sahani nyeupe vinatoka wapi?

Mara nyingi ni punje ya pairiti, ya mika nyeusi au ya kutu kutoka kwenye ndoo na vyuma vya mashine. Punje moja huyeyusha udongo unaoizunguka na kuacha doa lenye kioo cheusi. Pairiti ina ubaya wa ziada: salfa yake hutoka kama gesi kali, na ikikutana na chokaa huzaa chumvi ambazo baadaye hujitokeza ukutani kama ukungu mweupe.

Zile kauri za kijani zinazookotwa Kilwa na Gedi, nazo ni habari ya chuma?

Ndiyo, na ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Vigae vya kijani kama jani la mgomba mchanga vilivyopatikana Kilwa Kisiwani na Gedi vilitoka China, vingi kutoka majoko (tanuri za kauri) ya Longquan. Glezi yake, yaani ngozi ya kioo inayofunika kauri, ina chuma kidogo, asilimia 1 hadi 3 hivi. Ikichomwa kwa moto wenye hewa hutoka njano au rangi ya asali. Ikichomwa kwa moto uliokosa hewa, kwenye kama nyuzi 1200 na zaidi, chuma (II) kinachoelea ndani ya kioo hutoa kijani hicho. Hata weupe wa kauri nyingi za kale za Jingdezhen, mji mwingine wa kauri wa China, wenye kaubuluu cha mbali, unatokana na mabaki madogo ya chuma yaliyonyimwa oksijeni. Kauri ileile katika hewa ya kutosha ingekuwa na umanjano wa pembe ya ndovu.

Kwa hiyo tajiri wa Kilwa aliyeweka sahani ya kijani kwenye shubaka, na mpishi wake aliyekuwa na chungu chekundu mekoni, wote walikuwa na chuma mikononi.

Naweza kukitoa chuma kwenye udongo?

Kile kilicho nje ya fuwele, ndiyo, kwa gharama. Viwanda vya kaolini, ule udongo mweupe wa kaoliniti, huosha udongo kwa maji ili mchanga na mika zitengane, huupitisha kwenye sumaku zenye nguvu, na kutu iliyobaki huiyeyusha kwa sodiamu ditionaiti, kemikali inayokinyima chuma oksijeni hadi kiyeyuke majini. Kaolini ya Milima ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, imo ndani ya mawe ya mchanga, kwa hiyo kuosha ni hatua ya kwanza isiyokwepeka.

Kile kilichokalia kiti cha alumini ndani ya kaoliniti hakitoki kwa sumaku wala kwa dawa. Kukitoa ni kuivunja fuwele. Udongo ukiwa na chuma kingi cha namna hiyo, tengenezea vitu vya rangi na uachane na ndoto za sahani nyeupe. Kama una titani pia, umanjano utazidi.

Kwa nini matofali ya kuhimili moto huogopa chuma kuliko mengine?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza umeshaiona: chuma (II) huyeyusha. Wahunzi wa Kihaya, Kagera, waliokuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, waliingiza mirija ya udongo ya mivukuto ndani kabisa ya tanuru. Moto wa humo ulikuwa wa makaa, wenye njaa ya oksijeni, na mavi ya chuma, yaani takataka zinazoyeyuka na kutengana na chuma, ya matanuru ya kale kama hayo kwa sehemu kubwa ni fayaliti. Udongo wa mrija ukikutana na kimiminika hicho huliwa taratibu kutoka ncha.

Ya pili ni ya kushangaza zaidi kwa sababu hutokea kwenye joto dogo. Kati ya nyuzi 400 na 600 hivi, punje za chuma ndani ya tofali huisaidia kaboni monoksidi kugawanyika kuwa kaboni dioksidi na kaboni. Kaboni hiyo hujikusanya palepale kwenye punje, siku hadi siku, mpaka tofali linapasuka. Watengenezaji wa tanuru kubwa za kuyeyushia chuma huliogopa sana jambo hili.

Sina maabara. Nitaujuaje udongo wangu?

Finyanga vidonge kumi vya ukubwa wa kiberiti na uvikaushe kivulini. Kwenye udongo mkavu dondoshea siki kali au maji ya ndimu: ukitoa povu una chokaa. Choma vidonge vichache mahali penye hewa ya kutosha. Vingine vizike ndani ya chungu kilichojaa unga wa makaa, kifunikwe na kuzibwa kwa udongo, uchome kwenye moto uleule. Linganisha rangi, jaribu sumaku, kisha vipime uzito vikiwa vikavu, uviloweke vyote usiku kucha na uvipime tena: kilichofyonza maji machache ndicho kilichoyeyuka zaidi ndani. Mara nyingi kitakuwa kile cha kwenye makaa, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo kazi ya chuma chako.

Mwisho chukua kile cheusi ukichome tena kwenye hewa. Kikirudi wekundu hadi katikati, bado kina vitundu na kinapumua. Kikiwa chekundu nje na cheusi ndani, kilikuwa kimeshajiziba, na joto ulilotumia ndilo kikomo chako kwa udongo huo.